Vishipi vya Mama Fundo

Nahodha hakubisha hodi. Alisukuma mlango kwa goti, akaingia na viatu vyake vya mpira vikidondosha maji sakafuni, akatupa mezani kifurushi cha gazeti. Mtu aliyezoea kukaribishwa chai katika nyumba akiingia namna hiyo, hata paka wa humo anajua kuna jambo.

"Fungua," alisema.

Mama Fundo alifungua. Ndani mlikuwa na vishipi, vile vipande vifupi vya uzi vinavyoshika ndoana upande mmoja na upande wa pili vinaunganishwa na mshipi mkubwa. Alivijua kama mtu anavyojua wanawe. Vilifungwa hapohapo, kwenye meza ile ya dirishani, na kazi hiyo ndiyo iliyompa jina ambalo mji mzima ulimwita. Ila hivi havikuwa na ndoana. Kila kimoja kilikuwa kimeishia patupu.

"Samaki wameondoka na ndoana zangu," nahodha alisema. "Tena wale wakubwa wa kwenye miamba, wanaolipa mafuta ya injini. Tunamwona anapanda, tunauona mgongo wake, mtu anainama amshike, pwa! Kaenda zake. Vijana wangu wanatukana mpaka mimi naona haya."

"Labda wanavuta kwa pupa."

"Mama Fundo, mimi nimeanza kuvuta samaki meno yote yakiwa kinywani. Usinifundishe kuvuta." Alichukua kishipi kimoja akakining'iniza mbele ya uso wake. "Tulikuwa na nailoni yetu ya kawaida, hatuna shida. Nani aliniambia niiache?"

Ni yeye aliyemwambia, na alimwambia gatini, watu wakisikia. Alisema maji yameanza kuwa maangavu na samaki wanauona uzi kabla ya chambo. Nailoni ya kawaida inanyumbulika na inavumilia mengi, lakini inaonekana. Uzi wa kusuka una nguvu za kuvuta gari, lakini ukisugua jiwe mara moja tu umekwisha. Waya ni wa samaki wenye meno, wenye akili wakiuona wanaaga. Dawa ni ule uzi mgumu unaozama, ambao wauzaji wameupa jina la kioo kwa sababu ukiutia majini huuoni. Ni ghali, alikiri, lakini unatumika kidogo tu, pale kwenye kishipi. Nahodha alinuna, kisha akatoa pesa, na mwanzoni samaki walikuja mpaka watu wakaanza kumwita mwanamke huyo mganga.

"Kioo hakikatiki hivi," nahodha aliendelea. "Labda si kioo. Mimi nimelipa bei ya kioo. Nilicholetewa sikijui."

"Unaniita mwizi?"

"Nimesema sikijui. Vikikatika tena nitatafuta mfungaji mwingine. Na mimi nikishapoteza imani na nyumba, nimeipoteza na nyumba yote. Fundi wangu wa injini naye atafute boti lingine."

Fundi huyo wa injini alikuwa mwanawe wa pekee. Kazi ya mtoto na kazi ya mama zilikuwa kwenye boti moja, na mtu mmoja alikuwa amesimama sebuleni kwao akitishia kuzitupa zote mbili. Mama Fundo aliketi. Alitamani kujibu jambo kali, lakini ulimi ulikuwa umemganda, akanyoosha mkono akachukua kikombe cha maji.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mkamwana wake, mke wa fundi huyo, alikuwa amesimama hapo akijifuta mikono na kanga, na alikuwa amesikia kila kitu. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa dukani kununua uzi, na yeye ndiye aliyekaa upande wa pili wa meza wakafunga pamoja. Nahodha alipotoka, alisema taratibu:

"Mama, uzi ule ni halali. Nilinunua palepale."

"Nimekuuliza?"

"Hapana, mama."

"Basi."

Lakini jambo lilikuwa limeshaingia. Mtu asiye na kosa hujiteteaje kabla hajaulizwa? Mama Fundo alilibeba swali hilo kutwa nzima kama mtu aliyeingiwa na mchanga kiatuni.

*

Alianza na uzi wenyewe. Alingoja mkamwana aende kuanika nguo, akajaza beseni maji, akakata kipande cha uzi wa kioo kwenye roli lake na kingine cha nailoni ya zamani. Alivizamisha kwa kidole, akaachia. Nailoni ilizubaazubaa kama mgeni asiyejua pa kukaa. Kioo kilikwenda chini moja kwa moja. Alikipitisha kwenye meno, kikakwaruza kama kinavyotakiwa kukwaruza. Alikivuta kwa mikono miwili mpaka kikamwachia alama kwenye viganja.

Uzi ulikuwa halali. Mwingine angeshukuru, yakaisha. Yeye alikaa akitazama beseni na kuona ujanja wa mkamwana ulivyo mkubwa kuliko alivyodhani. Kwa hiyo wa mezani ni wa kweli, alijiambia. Wa mezani huwekwa uonekane. Anavyovibeba vifurushi kwenda navyo gatini, nani anajua njiani anabadilisha nini? Kuna wavuvi wengine wangapi wanaotafuta ndoana nzuri kwa bei ya kutupa? Shaka ikishapata pa kukaa haiombi ushahidi, inaomba chai.

Tangu hapo akawa mlinzi ndani ya nyumba yake. Walipokaa kufunga, macho yake hayakuwa kwenye kazi yake, yalikuwa kwenye vidole vya mwenzake. Mkamwana alizungusha uzi, akapitisha ncha, akapeleka fundo midomoni, akalilowesha, kisha akalivuta polepole hadi likakaa. Alifanya hivyo hasa kama alivyofundishwa. "Mate kwanza, kisha vuta," Mama Fundo alikuwa akiwaambia wote waliowahi kushika uzi mbele yake. Uzi ukikazwa mkavu unajisugua wenyewe kwa wenyewe, unapata moto, unaungua ndani ya fundo, na nje usione kitu. Nailoni ingeweza kumsamehe mvivu. Kioo hakisamehi.

"Mbona unanitazama, mama?"

"Nikutazame, wewe picha?"

Mkamwana aliinama akaendelea. Baada ya muda alichukua kishipi kutoka lundo la Mama Fundo, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiki shingo yake imepauka kidogo," alisema. "Hapa, juu ya ndoana."

"Lete hapa." Alimpokonya. "Mimi nafunga vishipi wewe bado unafungwa nepi. Leo unanikagulia shingo?"

"Nilikuwa nasema tu."

"Sema na zako."

Mama Fundo alikunywa maji tena. Siku hizi alikuwa akishinda na kikombe pembeni. Tangu daktari alipombadilishia vidonge vya presha, chai ilikuwa na ladha ya chaki na mkate ulimng'ang'ania kwenye kaakaa. Alikuwa amewasingizia wauza chai, akamsingizia na mwoka mikate.

Kitu kimoja kilizidi kumkera. Hesabu ya vishipi haikumtulia. Aliamka asubuhi akaona lundo limepungua, si sana, kama sufuria ya mchuzi iliyoonjwaonjwa. Alinyamaza. Aliyemwona mwizi akapiga kelele mapema, alijiambia, humfukuza tu, hamkamati.

*

Alimkamata siku mkamwana alipokwenda sokoni. Mama Fundo alifunga mlango wa mbele, akaingia chumbani kwa mwanawe bila hata kujifanya anatafuta fagio. Alipekua kabati, akapekua chini ya godoro. Chini ya kitanda, nyuma ya viatu, kulikuwa na kopo la maziwa ya unga. Alilitikisa, likalia.

Ndani mlikuwa na ndoana nyingi, safi, zimetolewa kwenye vishipi vyake, na vipande vya uzi vilivyokatwakatwa, vikiwa bado na mafundo, vimekunjwa pembeni. Alikaa kwenye kitanda cha mwanawe na mkewe huku kopo likiwa mapajani. Hasira ilimpanda, na itabidi tuseme ukweli, haikuwa hasira tupu. Kulikuwa na raha ndani yake. Mtu aliyekuwa akishuku kwa siku zote hizo hupata raha mbaya anapoona hakukosea.

Mwanawe aliporudi kutoka botini, akinuka dizeli na mikono ikiwa bado na grisi, alilikuta kopo katikati ya meza na mama yake ameketi mbele yake kama hakimu. Mkewe alikuwa amesimama ukutani, kikapu cha sokoni hajakitua.

"Muulize mkeo hiki ni nini."

Fundi alilitazama kopo, akamtazama mkewe. "Ni nini?"

"Ni ndoana," mkewe alijibu.

"Naona ni ndoana. Zinafanya nini chini ya kitanda changu?"

Mkamwana alimgeukia Mama Fundo. Uso wake haukuwa wa mtu aliyefumaniwa, ulikuwa wa mtu aliyechoka. "Mama, nikuombe. Twende jikoni, nitakwambia sisi wawili."

"Siri gani ya jikoni? Sema hapa. Sema mumeo asikie ulikuwa unamuuzia nani."

"Sijamuuzia mtu."

"Basi ulikuwa unazipanda ziote?"

"Nitasema na wewe peke yako, mama. Ukishasikia, ukitaka kumwita, mwite."

"Mwizi siku zote ana neno la pembeni," Mama Fundo alisema. "Hapa! Hapa sebuleni!"

"Sema basi, mke wangu," fundi aliomba. Alikuwa mtu mpole, mwenye kujua kila sauti ya injini na asiyejua la kufanya watu wawili wakipandisha sauti. "Sema yaishe."

Mkamwana alikitua kikapu. Aliwatazama kwa zamu, akakaza midomo. "Basi sina la kusema."

Fundi alijikuna shingo, akajipaka grisi. Hatimaye alisema labda ingekuwa vizuri aende kwa dada yake kwanza, mambo yapoe, nahodha naye apoe. Alilisema akitazama sakafu. Mkewe aliingia chumbani akatoka na begi, na alipofika mlangoni Mama Fundo alimzuia.

"Lifunguliwe."

"Mama..." fundi alianza, hakumaliza.

Mkamwana mwenyewe ndiye aliyefungua zipu. Alitoa nguo moja moja akaziweka juu ya kochi: magauni, kanga, za ndani. Alizitandaza zote, kila moja ionekane pande mbili, mpaka begi likabaki tupu, akaligeuza chini juu na kulikung'uta. Hakikuanguka kitu ila kitana. Kisha akazirudisha zote, akiwa amezikunja vizuri, bila haraka, mumewe amegeukia dirishani kama anayesubiri mvua. Hakuaga.

Asubuhi yake Mama Fundo alikwenda gatini. Hakumvuta nahodha pembeni. Alisimama pale wanapopimia samaki, katikati ya wavuvi na wapara-samaki, akasema kwa sauti, "Mwizi nimempata. Alikuwa ndani ya nyumba yangu. Nimemtoa."

"Mke wa fundi?" mmoja aliuliza.

"Huyohuyo."

Watu waliguna. Fundi alikuwa ameinamia injini, na hakuinua kichwa.

*

Alinunua uzi mpya yeye mwenyewe. Alikwenda dukani, akasimama akimtazama muuzaji akichukua roli la uzi kutoka rafu ya juu, akaipasua karatasi yake kwa mikono yake mwenyewe. Nyumbani alifunga mlango, akaketi dirishani, akafunga vishipi peke yake. Hakuna mkono mwingine uliogusa. Alipovifikisha gatini alivibeba kifuani kama mtu aliyebeba maziwa ya mtoto.

Nahodha hakuvipakia. Alikuwa ameshachoka kupimia mambo baharini. Alichukua kishipi kimoja akanasa ndoana yake kwenye mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki, ncha ya pili akaizungushia kijiti, akavuta chini pole kwa pole. Sindano ilianza kupanda. Haikufika popote.

Pwa.

Alichukua cha pili. Pwa. Alichukua kingine kutoka chini kabisa ya kifurushi, asije akaambiwa amechagua vibaya. Kilikatika palepale kilipokatika kingine, kwenye fundo, juu ya tundu la ndoana.

Halafu mpara-samaki mmoja, mama mwenye mdomo, alisema bila kuinua kisu chake, "Haa! Mwizi katolewa, wizi umebaki?"

Walicheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, na pengine ndiyo sababu kilimchoma. Mama Fundo alimtafuta mwanawe kwa macho, akamwona amesimama na spana mkononi. Fundi hakucheka. Alikuwa akimtazama mama yake kwa namna ambayo hajawahi kumtazama, kama anavyoitazama injini aliyoambiwa ni nzima.

"Vichukue," nahodha alimwambia, na sauti yake ilikuwa ya upole, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nipe jibu kabla hatujatoka tena. Nikikosa jibu, unajua nilichosema."

Njiani kurudi alimshuku muuzaji wa duka. Alimshuku aliyetengeneza ndoana. Alipofika kwenye kona ya nyumba yao alikuwa amefika kwa nahodha mwenyewe, kwamba mizani ile ameiharibu makusudi ili ampe kazi ndugu yake. Lakini nahodha hakuwa na ndugu anayejua kufunga hata kamba za viatu. Orodha ya watu ilikuwa imemwishia.

Aliketi mezani mchana huo jua likiingia vizuri dirishani, akafunga kimoja, taratibu, akijitazama kama alivyokuwa akimtazama mwenzake. Akazungusha. Akapitisha ncha. Akapeleka fundo midomoni. Akavuta.

Ulitoka mlio mdogo, kama wa panya. Aliusikia. Aliliinua fundo kwenye mwanga, na pale shingoni, juu ya ndoana, uzi ulikuwa umepauka na kujikunja kama unywele ulioguswa na moto.

Alipeleka ulimi kwenye midomo yake. Midomo ilikuwa mikavu, na ulimi nao. Alikuwa amepeleka fundo kinywani, kama mkono wake ulivyozoea tangu ujana, na kinywani hamkuwa na mate.

Alichovya kidole kwenye kikombe, akafunga kingine kwa maji. Kilikaa kimya, laini, bila mlio. Alikinasa kwenye msumari wa ukutani akakivuta kwa nguvu zote mpaka msumari ukainama.

Kopo la maziwa lilikuwa bado juu ya kabati, ushahidi wake. Alilishusha akamwaga vipande vya uzi mezani. Kila mfungaji ana mkono wake. Mkamwana alizungushia uzi kuelekea kwake, na yeye Mama Fundo alizungushia kwenda mbele, tangu zamani, na hakuna mwingine afanyaye hivyo. Alivitazama kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa vimezungushwa kwenda mbele. Vyote vilikuwa vimepauka shingo. Hakikuwamo hata kimoja cha mkamwana.

Mama Fundo alifunika uso kwa viganja vyake. Aliona haya, peke yake ndani ya nyumba, hakuna wa kumwona.

*

Dada wa mkamwana alikuwa mshonaji, na chumba chake cha mbele kilikuwa duka. Mkamwana alikuwa ameketi kwenye kigoda akifumua mishono ya suruali ya mtu. Dada alipomwona mgeni aliinuka, akachukua mkasi wake na mkoba wake wa pesa uliokuwa juu ya meza, akaenda navyo ndani. Mama Fundo aliona mkoba ulivyochukuliwa. Alimeza na hilo.

"Shikamoo, mama," mkamwana alisema.

"Marahaba." Alibaki amesimama, maana hakuambiwa akae. "Nimeliona lile kopo. Nimelitazama vizuri sasa."

"Haya."

"Ulikuwa unatoa vibovu vyangu."

"Nilivyoviona. Nikikosa usingizi alfajiri nilikuwa navipitia. Vingine vilinipita, ndivyo vilivyokwenda na samaki."

"Kwa nini hukuvitupa tu? Unaweka chini ya kitanda kama mwizi!"

"Nikavitupe wapi? Wewe unapekua jaa, mama. Ungeviona, ungesema naharibu mali." Alivuta uzi mmoja wa mshono ukatoka mzima. "Ndoana nilikuwa nazifungia upya. Zile za kopo sikupata nafasi ya kuzimaliza."

Mama Fundo karibu acheke, akakosa pumzi ya kucheka. "Ungeniambia."

"Nilikuambia. Nikaambiwa nilikuwa nafungwa nepi."

"Mara moja tu!"

"Kwako wewe, mama, mara moja inatosha."

Suruali ilibaki katikati yao. Nje mtu aliuliza kama zipu inabadilishwa hapo, mkamwana akamjibu ndiyo, arudi baadaye.

"Basi siku ile," Mama Fundo alisema. "Kwa mumeo. Ungetamka neno moja tu ungejiokoa. Kwa nini ulinyamaza?"

"Ningesema nini mbele yake? Mama yako amechakaa, mkono haufanyi kazi tena, ndiye anayewakosesha samaki? Angekwambia uache kazi siku ileile. Ukikaa bila kazi humo ndani ungegombana na nani? Na mimi." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Nilitaka tuseme jikoni. Ulikataa jikoni."

"Si mkono. Ni dawa za presha. Zinanikausha kinywa. Nilikuwa navuta fundo kavu."

Mkamwana aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Dawa?" Alifikiri. "Ndiyo maana ya kikombe." Akatikisa kichwa. "Lakini hilo ni la daktari. La kwangu ni jingine."

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Nimekusikia, mama. Umeniomba hapa, dukani kwa dada, tuko wawili. Uliponiita mwizi hukuniita dukani kwa dada."

Mama Fundo alielewa. Alikuwa ameelewa kabla hajaondoka nyumbani, ila alitumaini kuna bei ya chini.

*

Boti lilikuwa linapakia barafu alipofika gatini. Walikuwapo walewale, na mpara-samaki mwenye mdomo alikuwa kwenye ubao wake uleule. Mama Fundo alisimama chini ya mizani, akangoja mwanawe atoke kwenye injini, maana bila yeye ingekuwa kazi bure.

"Nilisema hapa kwamba mke wa mwanangu ni mwizi," alisema. Sauti ilimkauka, ikabidi aanze tena. "Nilisema mwizi. Si mwizi. Hakuiba hata uzi. Mafundo mabovu ni yangu. Nilikuwa nakaza makavu, mimi niliyewafundisha nusu yenu kulowesha. Yeye alikuwa anayaona, anayatoa kimyakimya nisiaibike. Mimi nikamfungulisha begi."

Hakuna aliyecheka. Mpara-samaki aliacha kisu kikiwa tumboni mwa samaki.

"Begi?" nahodha aliuliza.

"Nilimpekua," Mama Fundo alisema, na hapo machozi yakamtoka, mbele ya watu wote. "Nguo zake zote, hadi za ndani."

Fundi alipangusa mikono kwa tambara kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mimi nilikuwepo," alisema mwishowe. "Nilitazama dirishani." Akalitupa tambara, akapita katikati ya watu bila kuvaa hata shati, akaelekea upande wa duka la mshonaji.

Nahodha aliushika mnyororo wa mizani akauachia. "Kazi yangu bado inahitaji mfungaji."

"Ni yeye. Akikubali. Mimi nitamkatia uzi, na nikifunga nitafunga kwa maji, na yeye atakagua vyangu."

"Na asipokubali?"

"Basi utakuwa na haki ya kutafuta wengine badala yetu. Lakini mwanangu mwache botini. Yeye hajakosa kwako."

Nahodha hakuahidi kitu. Alisema atangoja safari moja, kwa nailoni ya zamani, akaenda kuangalia barafu yake.

*

Walirudi jioni, jua likiwa bado halijazama, fundi amebeba begi na mkewe yuko mbele. Mama Fundo alikuwa amefagia, amechemsha chai, amehamisha vitu vyake kutoka kiti cha dirishani, chenye mwanga mzuri, akavipeleka upande wa pili wa meza. Mkamwana aliona hayo yote. Alisalimu, akaitikiwa. Alisema kesho atafunga, na kwamba kikombe cha maji kiwe mezani, wote wawili watumie, maana mate si kitu cha kuringia. Mama Fundo alicheka kwa shukrani kupita kiasi, kama mtu anayecheka kwa bosi.

Kisha mkamwana alitoa kitu kwenye mfuko wa plastiki. Ilikuwa kufuli mpya, na bawaba yake ya kuitundikia, na misumari. Alikwenda nayo mpaka kwenye mlango wa chumba chao, mlango ambao tangu aolewe ulikuwa unasukumwa na yeyote, akaanza kupima kwa jicho.

Fundi alimtazama mama yake. Mama Fundo alitazama kufuli. Iliuma. Iliuma mpaka akashika kiti, na hakuwa na wa kumlalamikia, kwa sababu ni yeye aliyeinunua kufuli ile, ingawa pesa haikutoka mkononi mwake.

Bawaba ilikuwa ikiteleza. Mkamwana aliishikilia kwa kiwiko, nyundo mkono mmoja na msumari mkono mwingine, ikaanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Mumewe alipiga hatua, lakini Mama Fundo alikuwa ameshafika.

"Nikushikie?"

Mkamwana alimtazama kidogo. "Shika hapo, mama. Usiitikise."

Mama Fundo aliikandamiza bawaba ubaoni kwa vidole vya mikono yote miwili, akageuza uso pembeni, na mkamwana akaanza kugongelea.